Mjomba Aliyeachwa Kwenye Benchi

Ndugu zangu wa Masasi na Newala, na wewe uliyewahi kulala kwenye korido ya hospitali ukiuguza mtoto, sogeeni karibu. Habari hii ni ya nyumba moja tu, lakini ukiisikiliza vizuri utaona ingeweza kuwa nyumba yako, na mimi nisingependa iwe yako.

Ilikuwa alasiri tulivu kwenye wodi ya watoto ya hospitali moja mjini Masasi. Jina la hospitali halitusaidii kitu, tuliache. Upepo ulikuwa unapita barazani, mama mmoja anasuuza kanga, mwingine amesinzia na mtoto kifuani. Yunusi, mtoto wa miaka saba, alikuwa amekaa sakafuni akitengeneza gari kwa boksi la dawa na vifuniko vya chupa za dripu, huku akitafuna muhogo wa kuchemsha. Kutafuna huko ndiko kulikokuwa habari kubwa ya siku ile. Wiki moja nyuma shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba hata jicho likakaribia kufumba, na meno ya upande huo yalikuwa yanacheza cheza mdomoni. Ilikuwa saratani ya taya. Alipotundikiwa dripu ya kwanza ya dawa kali, uvimbe ulinywea siku baada ya siku mpaka uso wa mtoto ukarudi.

Pembeni yake alikaa Oliva, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili, msichana wa Kimakua kutoka Chiwata. Chuoni kwao kuna utaratibu ambao mimi nausifu: kila mwanafunzi hukabidhiwa familia moja yenye mtoto mgonjwa sana. Haruhusiwi kugusa sindano wala dawa. Kazi yake ni kuwa na ile familia, kuwasindikiza wanapokwenda, kuwaeleza wasichoelewa, kuwasikiliza wanapochoka. Mwalimu wao, Veridiana, mama mnene mwenye sauti ya chini, alikuwa akiwaambia, "Kaeni nao. Asiyeweza kukaa na mwenye mgonjwa, hata kuuguza hataweza."

Sasa huko kukaa ndiko kulikomshinda Oliva. Miguu yake haikujua kutulia. Akikaa kitini goti linacheza, akisimama anatafuta pa kwenda, na wenzake walikuwa wamempa jina la Pangaboi, yaani feni ya darini. Kitu kilichomtesa zaidi ni ukimya. Mama wa mtoto akinyamaza, Oliva huanza kumimina maneno mazuri mazuri ili mradi pale pasinyamaze.

Siku ile Rahima, mama yake Yunusi, alimtazama mwanawe akitafuna, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu waje. Kisha tabasamu likasita.

"Nesi," akauliza, "ndiyo amepona?"

Oliva alijua jibu. Daktari alikuwa amelieleza asubuhi hiyo hiyo mbele yake: uvimbe ukinywea ugonjwa bado umo, na mtoto lazima atundikiwe dripu mara tano zaidi, kila baada ya wiki mbili, la sivyo utarudi na hasira mpya. Alijua vizuri kabisa. Lakini Rahima alikuwa amekaa kimya akimtazama usoni, na kimya kile Oliva hakukiweza.

"Amepona, Mama Yunusi! Kwani huoni? Shavu limerudi kama la mtoto wa picha!"

Rahima akapiga kigelegele pale pale, wodi nzima ikageuka. Oliva akacheka naye. Akajiona nesi.

Ndugu zangu, jambo la pili lilikuwa limeanza asubuhi ya siku ile ile, nalo ni kubwa kuliko la kwanza.

Nje ya mlango wa wodi, kwenye benchi la mbao, alikuwa amekaa mzee wa makamo, na jogoo aliyefungwa miguu akiwa kando yake. Huyu alikuwa Muharami, kaka yake Rahima, amekuja kutoka Kitangari, huko Newala, kumwona mpwa wake. Nani wa huku asiyejua uzito wa mjomba? Kwa Wamakonde, kama kwa Wamakua na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba ndiye husema huyu aende wapi, atibiwe wapi, aingie jando lini. Baba hupendwa na huheshimiwa, lakini neno la mwisho si lake.

Oliva hakuhitaji kufundishwa hayo. Kwao Chiwata mjomba wake Kasiani ndiye aliyeamua yeye asome uuguzi, na hakuna hata mmoja aliyebisha. Lakini alikuwa amevaa sare nyeupe, na mtu akishavaa sare nyeupe wakati mwingine hujiona ameacha ukoo getini. Muharami aliposimama na kutaka kuingia wakati daktari anazungumza, Oliva alimzuia kwa mkono.

"Subiri nje kwanza, mzee. Daktari anaongea na wazazi."

"Mimi ni mjomba wake," Muharami akasema.

"Nimekuelewa. Lakini ni wazazi tu."

Muharami akarudi kwenye benchi. Ndani, daktari alimweleza Faridi, baba wa mtoto, muuza nguo wa pale mjini, ambaye aliitikia "sawa, sawa" huku simu yake ikilia mfukoni, kwani duka alikuwa amemwachia jirani. Rahima wakati huo alikuwa ametoka kumwogesha mtoto. Oliva alipita mbele ya benchi lile mara kadhaa, huku na huko, kama kawaida yake. Kila alipopita Muharami aliinua macho kama mtu mwenye swali, naye aliongeza mwendo. Jioni mzee akampa dada yake jogoo, akauliza habari, akajibiwa kwa furaha, "Nesi amesema amepona!" Akaondoka na hilo.

Familia iliruhusiwa wakaenda nyumbani. Wiki mbili zikapita. Siku ya kurudi kwa dripu ya pili Oliva alifika wodini mapema, akatandika kitanda ambacho hakuambiwa akitandike, akasimama mlangoni. Hawakuja. Kesho yake hawakuja. Alikula chakula akiwa amesimama, akaenda getini, akarudi, akaenda tena. Mlinzi akamwuliza kama amepoteza kitu, akasema hapana. Muda wote huo alijiambia watakuja, pengine gari limeharibika, pengine kuna msiba. Siku zikazidi kwenda. Mwisho akampigia Faridi.

"Wako Kitangari," Faridi akasema. "Mtoto anaingia jando na wenzake. Likizo hii ya Juni."

"Jando? Baba Yunusi, si daktari alikwambia wiki mbili?"

"Aliniambia, nami nikamwambia shemeji. Shemeji akasema dada yake kaambiwa na nesi mwenyewe kwamba mtoto kapona, na mtoto akishanusurika hivyo anatiwa jando kwa shukrani. Mimi pale nimeoa tu, dada yangu. Ningesemaje?"

Oliva aliishusha simu. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Veridiana, akamkuta anakunywa chai, akaeleza yote akiwa wima. La "amepona" akalisema. La benchi pia akalisema, ingawa hilo lilimtoka kwa shida zaidi.

Veridiana alikiweka kikombe mezani. "Wewe si mtu wa huku?"

"Ni wa huku, mwalimu."

"Angefanya haya mgeni aliyetoka mbali, ningemwelewa. Wewe ulijua kabisa nani wa kuambiwa, ukamwacha nje na jogoo wake. Chukua koti. Tunapanda Newala sasa hivi, na maneno utakwenda kuyasema wewe."

Gari la chuo lilipanda mlima wa Makonde likiunguruma, vumbi jekundu likiingia kila mahali, na baridi ya juu ikaanza kuwapiga. Oliva hakutulia. Alifungua kioo, akafunga, akafungua tena, mpaka Veridiana akaushika mkono wake na kuuweka mapajani. Hofu ya Oliva ilikuwa moja tu, nami naisema wazi ili nanyi mwende nayo: mtoto akishaingia kumbini, kwenye kambi ya jando, atakaa huko wiki nyingi, na hizo ndizo wiki ambazo ugonjwa ulikuwa unazihitaji ili ummalize. Na kabla ya hizo wiki, kuna kisu.

Rahima walimkuta Kitangari bombani, kwenye foleni ya ndoo, amejipaka unga usoni kama wanavyojipaka akina mama wa jando, anacheka na wenzake. Maji yale yalikuwa ya kupikia wageni. Alipomwona Oliva alimkimbilia na kumkumbatia.

"Nesi wangu! Umekuja kucheza ngoma ya mwanao?"

"Mama Yunusi, yuko wapi?"

"Kaingia leo asubuhi. Kaingia kiume, hakulia hata kidogo!" Kisha akaongeza kwa furaha ile ile, "Na anakua kweli. Jino limeanza kucheza tena, upande ule ule. Wenzake nao wanang'oka meno ya utoto. Nikasema basi, mwanangu naye anakuwa mkubwa."

Oliva akashtuka. Jino upande ule ule! Mama ameliona kwa macho yake, na akalitafsiri kwa heri, kwa sababu kuna mtu mwenye sare nyeupe aliyemwambia mwanawe amepona. Akamshika Rahima mabega.

"Siyo jino la utoto, mama. Ni ugonjwa. Hakupona. Mimi nilikudanganya."

Rahima alimtazama. Unga ulikuwa bado usoni na tabasamu lilikuwa bado mdomoni, halafu likaondoka. Akaiacha ndoo yake kwenye foleni, akaanza kukimbia, na wale wawili nyuma yake.

Njia ya kumbini inapita chini ya mikorosho, na mahali fulani imefungwa kwa kamba ya majani. Hapo ndipo mwanamke hukomea. Awe mama mzazi, awe mwalimu, awe nesi, hapiti. Rahima alisimama mbele ya kamba ile akilia, mikono kichwani, na hakuthubutu kuivuka. Ng'ambo walionekana wazee wachache wamekaa kwenye magogo. Ngariba alikuwa akila ugali wake taratibu, akingojewa amalize ndipo kazi ianze. Ndani ya ua wa makuti watoto walikuwa wanaimba, na Rahima alisema ameisikia sauti ya wake.

Muharami akainuka, akaja mpaka kwenye kamba. Oliva akapiga magoti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Alimtazama kwa muda. "Ni wewe. Yule wa subiri nje."

"Ni mimi."

"Na aliyesema mtoto amepona, naye ni nani?"

"Ni mimi pia."

"Ulijua hajapona?"

"Nilijua."

"Sasa ulisemea nini?"

"Nilitaka mama afurahi," Oliva akasema, na alipojisikia akilisema aliona jinsi lilivyo dogo. "Na wewe nilikuacha nje, mjomba, wakati najua wewe ndiye wa kuambiwa. Angefanyiwa hivyo mjomba wangu wa Chiwata, ukoo mzima ungeondoka. Nisamehe, lakini nisamehe baadaye. Kwanza nisikilize."

Yule ngariba alikuwa amebakiza matonge machache. Muharami akageuka kumtazama, kisha akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wa Oliva.

"Haya. Mimi nipo nje kama ulivyoniweka. Niambie yote."

Oliva akamwambia. Alisema ni saratani, neno ambalo pale wodini watu hulizungukazunguka. Alisema dawa ya kwanza huufukuza uvimbe haraka mpaka watu wakadhani umekwisha, na ndipo wengi hupotea. Akasema habari ya jino.

"Akikatwa leo?"

"Damu inaweza ikakataa kukatika, mjomba, na kidonda kikakataa kukauka. Na hata akivuka hapo, atakaa humo ndani wiki kadhaa bila dawa. Anaweza asitoke."

Rahima akapiga ukelele. Muharami hakugeuka.

"Na akirudi leo hospitali, atapona?"

Ndugu zangu, hapo ndipo Oliva alipojaribiwa kwa mara ya pili. Neno "atapona" lilikuwa limeshafika mlangoni mwa mdomo. Lingemnyamazisha mama, lingemwinua mjomba, lingeumaliza ule ukimya. Wazee walikuwa wananyamaza, Veridiana amenyamaza, hata watoto kule ndani walikuwa wamemaliza wimbo. Oliva aliuma mdomo, akakaa na kimya kile mpaka kikamwuma.

"Wengi hupona, mjomba. Ila amechelewa, na siwezi kukuapia kwamba naye atapona. Ninachojua ni kwamba akibaki hapa, hatapona."

Muharami akainuka. "Hapo sasa unasema na mtu," akasema, akageuka kuwaelekea wazee.

Kulitokea maneno makali. Mtoto akishaingia kumbini hatolewi kabla ya kutahiriwa, haijapata kutokea, watoto wenzake watamwitaje, ukoo utajificha wapi? Mzee mmoja alisimama kabisa. Muharami aliwasikiliza wote.

"Aibu nibebesheni mimi," akasema. "Mpwa ni wangu, na aibu ni yangu. Nitakuwa mjomba aliyerudisha mtoto, mniite hivyo mpaka nizikwe."

Akaingia ndani ya ua. Alipotoka alikuwa amembeba Yunusi, amemfunika kwa koti lake mwenyewe ili wenzake wasimwone. Mtoto alikuwa analia kwa uchungu. "Mjomba, nimefanya nini? Sikulia mimi! Waulize, sikulia!" Muharami akamkumbatia zaidi. Aliivuka ile kamba ya majani, akamweka mtoto mikononi mwa mama yake, na yeye mwenyewe akatangulia kuingia kwenye gari.

Jioni ile ile Yunusi alirudi wodini, na daktari alipomfunua mdomo alitikisa kichwa. Ugonjwa ulikuwa umerudi na hasira mpya, sawasawa na alivyoonya. Mtoto alipelekwa hospitali ya rufaa, akapewa dawa kali zaidi, akatapika, nywele zikamwisha, akakonda mpaka mama yake akaogopa kumwogesha. Kando ya kitanda, siku zote, alikaa Muharami kwenye stuli ya plastiki. Hakuna aliyemwambia asubiri nje. Oliva naye, kila alipopata ruhusa ya chuo, alisafiri akaja kukaa nao. Kukaa tu. Goti lilikuwa bado linacheza, lakini mdomo ulikuwa umejifunza.

Yunusi aliishi. Dawa zilikwisha, ugonjwa haukuonekana tena, na mwaka uliofuata, daktari aliporidhika, alitahiriwa hospitalini akiwa amechomwa ganzi. Muharami akapiga ngoma Kitangari siku tatu, na wale wazee waliomlaumu ndio waliokula pilau nyingi kuliko wote. Lakini ule uvimbe wa pili ulikuwa umelibana jicho la kushoto kabla dawa haijaushinda. Jicho lile halioni. Halitaona.

Siku ya ngoma Oliva alimfuata Rahima jikoni. Alikuwa ameyapanga maneno ya kuomba radhi njia nzima kutoka Masasi, na alipomfikia hakulikumbuka hata moja. Rahima aliendelea kupepeta mchele.

"Sina kinyongo na wewe, nesi," akasema hatimaye. "Ulikuja kunitafuta mpaka bombani. Ila siku ile wodini ungeniambia tu ukweli. Ningelia, halafu ningerudi."

Akaendelea kupepeta. Oliva akavuta kigoda akakaa karibu naye, akachukua ungo mwingine.

MAFUNZO

Enyi wauguzi, na ninyi mnaosomea kazi hiyo: mama wa mtoto mgonjwa hakuja kwenu kutafuta furaha ya siku moja. Kilio mnachomwepusha leo mnamwekea akiba, na kitakuwa kikubwa zaidi. Mwambieni ukweli wote, na mkishamwambia msikimbie, kaeni naye akilia. Na kabla hamjafungua mdomo, chungulieni nje mwone nani ameachwa kwenye benchi, maana mara nyingi huyo ndiye atakayeamua mtoto arudi au asirudi.

Enyi akina mjomba na wazee wa huku: jando linaweza kusubiri, wala heshima yenu haipungui. Uvimbe ukinywea, msimtoe mtoto kwenye dawa mpaka daktari mwenyewe aseme imetosha. Na akina baba mnaoitikia "sawa, sawa" na simu mfukoni, hadithi hii ni yenu pia.

Ukipita Kitangari ukamwona kijana anayegeuza shingo yote ili akutazame kwa jicho la kulia, huyo ndiye Yunusi. Msalimie. Jicho la pili alilipoteza kwa neno moja tamu, lililosemwa na mtu aliyempenda.